Siku moja maishani mwangu: mafuta ya chuma asubuhi, picha za jeli mchana

Saa 2 asubuhi

Kazi ya kwanza maabara ni kukoroga. Chupa ya mafuta yaliyochanganywa na unga wa chuma, yanayokaza yakikutana na sumaku, imekaa rafuni wikiendi nzima, unga wa chuma umezama na juu yamebaki mafuta matupu. Asiyeijua akiinyanyua hushtuka, maana lita moja ina uzito wa karibu kilo 3. Takriban theluthi ya ujazo wake ni chembe za chuma za mviringo, kila moja ikiwa na upana wa mikromita chache tu.

Nakwangua kitako cha chupa kwa kijiti cha plastiki mpaka nisikie hakuna bonge lililobaki, ndipo naiweka kwenye mashine ya kuzungusha. Wengi husimulia maajabu ya kimiminika hiki kinachotii sumaku, lakini anayekifanyia kazi huanza siku kwa kupambana na kutuama kwake. Watengenezaji huongeza asidi za mafuta na unga laini wa silika ili chembe zisigandane. Husaidia, ila chuma ni kizito na mafuta ni mepesi, hivyo hatimaye kitazama tu.

Saa 3

Naweka tone kati ya sahani mbili za riomita, mashine inayopima jinsi kitu kinavyotiririka, nafasi ya milimita 1. Chini ya sahani kuna koili, waya uliozungushwa ambao hugeuka sumaku ukipitishwa umeme. Bila umeme, sahani ya juu inazunguka bila shida. Nikifungulia mkondo, ndani ya milisekunde chache chembe zinajipanga kuwa minyororo inayofuata uga wa sumaku, kutoka sahani ya chini hadi ya juu, na sahani inakwama. Itazunguka tena pale tu nguvu ya kuisukuma itakapovuka kizingiti fulani, ambacho kwenye uga mkali hufika kilopaskali 50 hadi 100 (paskali ni kipimo cha msukumo kwenye eneo). Nazima mkondo, yanarudi kuwa mafuta.

Jacob Rabinow alilionyesha jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1940, katika ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani, alipokuwa akitengeneza klachi. Mimi hadi leo nikipata mgeni namwekea kijiko kimoja kwenye kisahani, naleta sumaku kwa chini, kisha nachomeka kijiti. Kijiti kinasimama wima. Naiondoa sumaku, kijiti kinalala. Sijachoka kukitazama.

Saa 5

Usafi. Mafuta haya huchafua kila kitu, na kwa kuwa mchana nitafanya kazi kwenye sumaku kubwa, sitaki hata punje moja ya chuma kwenye mkono wa koti. Glavu natupa, koti na viatu nabadilisha.

Saa 7 mchana

Hapa Nottingham, Uingereza, ndiyo kwanza tunakula, Dar es Salaam ni saa 10 jioni. Mdogo wangu, fundi magari pale mtaa wa Gerezani, anapiga simu.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Kazi zinaendaje?”

“Salama. Nina gari hapa, shokapu zake zina waya. Huo waya wa nini?”

Nikacheka kwa furaha, kwa sababu asubuhi nzima nilikuwa na mafuta yanayoendeshwa na waya kama huo. Nikamweleza kwamba ndani ya pistoni kuna koili, na mafuta yenye chuma yanapita kwenye upenyo mwembamba pembeni yake. Kompyuta ya gari ikiongeza umeme, mafuta yanakaza na shokapu inakuwa ngumu, ikipunguza, inalainika. Magari yalianza kuuzwa na shokapu hizi mwaka 2002, kwenye Cadillac Seville. Mwaka huohuo zilifungwa kwenye daraja la ziwa Dongting, China, kutuliza nyaya zilizokuwa zikitikiswa na upepo na mvua.

“Nikichomoa waya?”

“Inabaki laini muda wote, na taa ya dashibodi itawaka.”

“Na hii moja inavuja. Nijaze oili?”

“Hapana, mdogo wangu. Oili ya kawaida haina chuma, haitaitikia umeme. Halafu ndani kuna gesi ya mgandamizo, usije ukaitoboa. Mwambie mwenye gari anunue nzima.”

“Bei yake atalia.”

Hilo kweli.

Saa 8

Chumba cha pili. Sakafuni kuna mstari mwekundu, na chuma hakivuki hapo. Humu mna mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya vitu kwa sumaku. Sumaku hii ni ya tesla 9.4 (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku), koili yake imezamishwa kwenye heliamu ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Ndani yake protoni za maji, yaani viini vya hidrojeni, hujibu mawimbi ya redio ya megahezi 400. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alichapisha picha ya mirija miwili ya maji iliyopatikana kwa njia hii. Peter Mansfield aliikuza mbinu hiyo katika mji huuhuu ninaofanyia kazi, na mwaka 2003 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Nikileta mafuta ya asubuhi humu ni hatari, na hata yangetulia, chuma kingevuruga uga kiasi kwamba pichani lingeonekana shimo jeusi. Ndiyo maana badala yake nasukuma jeli kwenye bomba, kitu kingine kinachokwama mpaka kisukumwe vya kutosha. Ni jamaa wa jeli ya nywele, imetiwa mrututu kidogo, ule wanaopulizia mibuni, kwa sababu maji safi huchukua karibu sekunde 3 protoni zake kutulia baada ya kila kipimo, na mrututu hufupisha subira hiyo. Jeli nayo ina kizingiti, ingawa ni cha makumi machache ya paskali: chini yake haitiririki.

Kasi tunaipima kwa kubadilisha uga mara mbili, mara ya pili kinyume cha kwanza. Protoni iliyosimama inarudi ilipokuwa, iliyosogea inabaki na tofauti inayolingana na kasi yake. Picha ya kasi ya maji, kutoka ukuta mmoja wa bomba hadi mwingine, ni upinde, katikati ya bomba yakienda mara mbili ya wastani. Ile ya jeli, kileleni mwake ni bapa. Sehemu ya kati inasafiri kama treni, mabehewa yote kwa kasi moja, na mkwaruzano wote uko pembezoni mwa ukuta. Ndicho kinachotokea kwenye upenyo wa ile shokapu ya Gerezani, mahali ambapo hakuna kamera inayofika.

Saa 11 jioni

Kikao cha kusoma. Leo ni zamu yangu, nimechagua MRI iliyounganishwa Mbarara, Uganda, mwaka 2022, kwa ushirikiano na wataalamu wa Uholanzi. Inatumia sumaku za kudumu, karibu militesla 50, na haihitaji heliamu. Lengo ni watoto wenye vichwa vikubwa, ambao maji ya ubongo hayapati njia ya kutoka. Mwenzangu mmoja akasema picha zake zina ukungu. Nikamjibu kwamba daktari wa upasuaji hapo anatafuta maji yalikojaa, na maji kwenye MRI yanajitokeza vizuri hata kwa sumaku dhaifu. Tulibishana hadi mlinzi akaja kufunga.

Saa 1 usiku

Naanzisha kipimo kirefu. Kompyuta itapunguza msukumo wa jeli kidogo kidogo mpaka ile bapa ienee bomba zima na kila kitu kisimame. Msukumo wa hapo ndio utakaonipa kizingiti. Kesho nitaipima jeli hiyohiyo kwenye riomita, na namba mbili zikikubaliana, nitathubutu kutumia hesabu hiyo kwa mafuta ya chuma.