Siku moja maishani mwangu: kufundisha mikono kabla ya kufika angani

Saa 11:40 alfajiri

Nikiamka tu nafungua dirisha na kutazama vichwa vya miti. Upepo ukiwa mkali wanafunzi hawaruki, na ratiba yote inavurugika. Leo miti imetulia.

Watu wakisikia nafundisha kuruka kwa parachuti wanadhani nashinda mawinguni. Wapi! Muda mwingi niko chini, kwenye sakafu ya hanga, nikirudia neno moja mpaka koo linakauka: "Tena." Leo ni siku ya mazoezi ya dharura, kwa hiyo neno hilo litasikika sana.

Saa 12:30 asubuhi

Kabla wanafunzi hawajafika nakagua parachuti yangu mwenyewe. Naanzia mabegani. Kila upande una pete tatu za chuma zilizopitishwa moja ndani ya nyingine: kubwa, ya kati, ndogo. Ile ndogo imezuiwa na kitanzi cha uzi, na kitanzi kimezuiwa na waya wa manjano. Ukivuta kishikio chekundu kilicho kifuani upande wa kulia, waya unachomoka mabega yote mawili kwa mpigo mmoja na parachuti kuu inaondoka zake. Zamani mrukaji alilazimika kufungua kifungo cha kila bega peke yake, huku akizungushwa hewani. Mfumo wa pete tatu uliletwa na Mmarekani Bill Booth miaka ya 1970. Ujanja wake ni kwamba kila pete inapunguza mzigo, hivyo uzito mkubwa ulioko begani unafika kwenye kitanzi ukiwa mdogo, na mkono wa mtu yeyote unaweza kuuachia.

Mara moja kwa mwezi nauachanisha mfumo wote, nazikunjakunja zile tepe nzito za mabegani zisije zikakakamaa, na nyaya nazifuta kwa kitambaa. Waya mchafu ni mgumu kuvuta, na hilo ni jambo la kuligundua hangani.

Kisha navaa, nasimama peke yangu, na kufanya zoezi: nyonga mbele, macho kwenye chekundu, shika, macho kwenye kile cha fedha upande wa kushoto, cha kufungulia parachuti ya akiba, shika, vuta chekundu, vuta cha fedha. Nafanya hivi kabla ya kupanda ndege siku zote, hata kama kuna mtu anayenitazama na kucheka.

Saa 2:00 asubuhi

Wanafunzi wanne, darasani. Sipendi kukaa humu muda mrefu, ila kuna kazi moja isiyofanyika kwingine: picha. Namwonyesha mtu picha ya parachuti kwa sekunde mbili, naifunika, namuuliza anafanya nini. Si "hili tatizo linaitwaje." Anafanya nini.

Maswali ya kujiuliza kuhusu parachuti ni matatu. Ipo? Umbo lake ni la mstatili? Inaongozeka na kupunguza mwendo nikivuta breki? Jibu likiwa ndiyo kwa yote, unayo parachuti. Kamba zilizojisokota mara moja au mbili juu ya kichwa, mwavuli wenyewe ukiwa umetulia, si sababu ya kuikata, yaani kuiachia kwa kile chekundu: tanua zile tepe za mabegani, piga mateke, zijisokotoe. Slaida, kile kitambaa kinachoteleza kwenye kamba ili parachuti isifunguke kwa kishindo, ikigoma kushuka, vuta breki zote mbili mpaka chini, pampu, uone kama itashuka. Lakini kamba iliyopita juu ya mwavuli na kuugawa mafungu mawili huku unazunguka kwa kasi, hiyo haina mjadala.

Na kila jaribio lina mwisho wake. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinamtaka mwanafunzi awe ameamua na kutenda ifikapo futi 2,500. Si aanze kufikiri hapo. Awe amekwisha kuvuta.

"Mwalimu," dada mmoja akauliza, "si kuna kile kifaa kinachofungua chenyewe?"

Kipo, na nakishukuru. Cypres ya Ujerumani ilitoka mwaka 1991 na imeokoa watu wengi. Lakini kinapima kimo na kasi. Ile ya warukaji wazoefu hukata kamba ya kufungia parachuti ya akiba ukiwa takriban mita 225 juu ya ardhi, endapo bado unashuka kwa mita 35 kwa sekunde au zaidi. Sasa mtu ananing'inia chini ya parachuti iliyoharibika nusu, inayomzungusha na kumpunguzia kasi kidogo. Kifaa kinaweza kuona kwamba huyu hayuko kwenye hatari kilichoundiwa, na kikanyamaza. Yule dada aliandika hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari.

Saa 3:30 asubuhi

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwenye boriti ya hanga tumening'iniza mikanda ya mazoezi yenye vishikio kamili na pete tatu zinazofanya kazi kweli. Ukivuta chekundu sawasawa, unadondoka kidogo mpaka kamba ya usalama ikudake. Huo mdondoko ndio nautaka, maana mtu ambaye hajawahi kuusikia tumboni anaweza kuganda sekunde moja nzima angani akishangaa kilichompata, kabla ya kuvuta cha pili.

Jambo la kwanza wanaloligundua wakining'inia ni kwamba vishikio vimehama. Ukisimama sakafuni mikanda inalala kifuani vizuri. Ukibebwa na mabega inapanda juu, inasogea pembeni, na ovaroli inaweza kufanya mkunjo ukafunika kishikio. Mkono uliozoea kupapasa bila macho unakwenda pale kilipokuwa asubuhi. Ndiyo maana nawapigia kelele: macho kwanza, mkono baadaye. Mkono unalifuata jicho.

Kijana mmoja mwenye misuli hasa alivuta chekundu vizuri, akasimamisha ngumi usawa wa kifua, akatabasamu, kisha akakirudisha kishikio kwenye mfuko wake na kukibana taratibu kama mtu anayerudisha kisu kwenye ala. Nikamwambia, "Kaka, sasa hivi umeufundisha mkono wako mambo mawili: kuishia kifuani, na kurudisha." Hakunielewa mara moja. Nikamwonyesha nyaya: zilikuwa zimechomoka nusu, kitanzi cha bega moja bado kimeshikiliwa. Bega moja likiachia na jingine likikataa, tatizo jipya ni baya kuliko la kwanza.

Hili ndilo naliwaza kuliko yote katika kazi hii. Watu wanaamini kurudia kunatosha. Kurudia hakuchagui. Mkono unahifadhi chochote ulichoufanyisha mara nyingi, kizuri na kibovu pamoja, na siku ya shida unakirudisha vilevile, pamoja na ule ustaarabu wa kutotaka kumwachia mwalimu kazi ya kupanga upya. Kwa hiyo hapa kwangu ni marufuku kuvuta kwa kuigiza. Mkono unakwenda mpaka unyooke, kishikio kinatupwa sakafuni. Kukipanga upya ni kazi yangu. Mgongo unauma, sawa.

Kijana akarudia. Tena. Tena.

Halafu naongeza fujo. Namzungusha mtu kwenye mikanda huku nikitaja kimo kwa sauti: 3,400, 3,100, 2,800. Mwenzake anamwinulia picha. Na hapa nina mtego: mara kwa mara picha ni ya parachuti nzima, nzuri kabisa. Anayeikata amefeli, hata kama mikono yake ilifanya kila kitu kwa ufasaha. Sitaki watu ambao ukiwashtua tu wanavuta. Nataka uamuzi uwe wa kichwa, na kinachofuata baada ya uamuzi kiwe cha mikono.

Kuna ubishi wa kudumu baina ya wakufunzi: mkono mmoja kwa kila kishikio, au mikono yote miwili kwenye kimoja halafu kingine? Mikono miwili ina nguvu zaidi, mkono mmoja mmoja haupotezi muda kutafuta cha pili. Nimewasikia watu wazima wakinuniana kwa hilo. Mimi nafundisha ule ambao shule yetu imeuchagua, basi, na namkataza mwanafunzi kuchanganya. Mwaka 1952 mwanasaikolojia wa Uingereza, William Edmund Hick, alionyesha kwamba machaguo yakiongezeka, muda wa kujibu nao unaongezeka. Anayeanguka bila parachuti hutumia sekunde tano na ushee tu kupita futi 1,000. Si mahali pa kulinganisha mitindo.

Saa 5:30 asubuhi

Ndege. Tunakaa ndani ikiwa imeegeshwa, tunafunga mikanda, tunafanya mazoezi ya injini kuzima. Chini kabisa: unabaki na rubani, unakaa mkao wa kujikinga. Juu zaidi: unasubiri neno la mkufunzi. Hakuna anayejiamulia. Tumemaliza haraka.

Saa 6:45 mchana

Mawingu yameshuka, tunasubiri. Ni wakati wa porojo, na leo imemhusu Leslie Irvin. Mwaka 1919, tarehe 28 Aprili, aliruka kutoka kwenye ndege pale McCook Field, Ohio, akaifungua parachuti yake kwa mkono akiwa anaanguka. Wakati huo wapo walioamini kwamba mtu akianguka hivyo atapoteza fahamu, au mikono haitamtii. Irvin alitua akiwa na akili zake timamu na kifundo cha mguu kilichovunjika. Kwa hiyo baada ya hapo nikawarudisha kwenye mazoezi ya kutua kwa kubiringika: nyayo, kigimbi, paja, kalio, mgongo kwa mshazari. Walilalamika kuhusu vumbi.

Yule dada wa daftari aliuliza itachukua muda gani mpaka mikono ifanye yenyewe. Sina namba ya kumpa. Wanasaikolojia Fitts na Posner, mwaka 1967, waliyagawa mafunzo ya ustadi katika hatua tatu: kwanza unafikiri kila hatua, kisha unaunganisha na kurekebisha, mwishowe kinatoka bila kukisimamia. Naona kwa macho mtu anapovuka. Ile hatua ya kwanza midomo yao inacheza, wanajisomea "chekundu, fedha". Siku midomo ikitulia na macho bado yanatangulia mkono, najua tumefika karibu. Kinachonitia hofu ni midomo kutulia na macho nayo kuacha kutazama.

Saa 8:20 mchana

Mawingu yamefunguka. Napanda na mwanafunzi aliyetangulia wenzake, futi 13,000. Kabla ya mlango kufunguliwa anagusa vishikio vyake vyote kwa zamu: cha kufungulia parachuti kuu, chekundu, cha fedha. Angani anatazama altimita, kile kipimo cha kimo, ananitazama mimi, anapeleka mkono nyuma kugusa kishikio cha kufungulia bila kukivuta, anarudi kwenye mkao. Mara tatu. Mguso wa kwanza ulikuwa wa kubahatisha, wa tatu ulikwenda moja kwa moja.

Akafungua kwa wakati. Mimi nikaendelea kushuka, nikafungua chini yake, nikatazama juu: mwavuli wake uko mzuri, yeye anazunguka chini yake kama anayejisokotoa. Tulipotua sikumsifu kwanza, nilimuuliza aliona nini. "Kamba zimejisokota. Nikatazama altimita, 4,600. Nikajua muda ninao. Nikapiga mateke. Nikatazama tena, 4,100, zimefunguka. Nikajaribu breki." Kutazama altimita kabla ya mateke! Hapo ndipo nilipompa mkono.

Saa 10:15 jioni

Jioni ni zamu ya wazoefu, na nitasema wazi: hawa ndio wagumu. Mwanafunzi ana hofu inayomsaidia. Mzoefu ana miaka mingi ya parachuti kufunguka vizuri, na kila ruko jema limemfundisha kwamba hakuna kitu kitatokea.

Leo mmoja amekuja kwa fundi wa parachuti kwa sababu parachuti yake ya akiba imefikia muda wa kukunjwa upya. Marekani muda huo ni siku 180, kwingine kuna vipindi vyao. Kwa kuwa itafunguliwa vyovyote iwavyo, nang'ang'ania mwenyewe aivae, aning'inie, aivute. Ni nafasi ya bure ya kuvuta kitu halisi na kuusikia ugumu wake. Viwango vinataka nguvu isizidi takriban kilo 10, lakini kilo 10 kwa mkono uliopinda vibaya ni nyingi kuliko unavyofikiri.

Mzee huyu amebadilisha vifaa hivi karibuni. Zamani kishikio chake cha akiba kilikuwa pete ya chuma, hiki kipya ni mto laini wa kitambaa. Akavuta chekundu vizuri, mpaka mwisho. Kisha kidole gumba cha kushoto kikaanza kutafuta tundu la pete. Hakuna tundu. Kikateleza juu ya kitambaa, kikarudi, kikateleza tena, naye anatazama mbele akinieleza jinsi anavyolijua zoezi hili. Ilibidi nimwambie ainamishe macho ndipo akaukamata ule mto kwa kiganja na kuuvuta. Springi ikafyatuka, kitambaa cha akiba kikamwagika sakafuni.

Kimya. Fundi akaanza kukikusanya, akasema kazi itakamilika kesho mchana.

"Kwa hiyo kesho asubuhi sina cha kuvaa," mzee akasema.

Nikamwambia vizuri, maana saa 3:30 nina wanafunzi wanne kwenye mikanda na nafasi moja. Akaanza kunieleza ameanza kuruka mwaka gani. Nikaandika jina lake ubaoni.