Kujiandaa na kemia ya fomu faivu: kumbukumbu kutoka Kirumba

Machi

Matokeo ya fomu foo yameshatoka, kombi niliyojaza ya kwanza ni PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na hadi shule zifunguliwe Julai kazi yangu ya lazima ni moja tu: kumsaidia mama kuanika na kupakia dagaa Mwaloni, soko la samaki hapa Kirumba, Mwanza. Wenzangu kadhaa wameingia tuisheni za kujiandaa. Mimi nina madesa ya kaka aliyemaliza sita, pasti pepa za NECTA, na simu yenye kioo kilichopasuka. Fizikia na baiolojia nitazishika pia, ila humu naandika kemia peke yake, maana ndiyo somo ambalo kila aliyelipitia hukutisha nalo.

Nilimuuliza kaka ugumu uko wapi hasa. Hakunitajia topiki hata moja. Alisema, "Fomu foo mlipewa namba. Huku utaulizwa namba hiyo imetoka wapi, na inaishia wapi kufanya kazi."

Basi mradi wangu ukawa huo. Sikimbilii topiki mpya. Nakusanya namba nilizokariri miaka minne na kuzibana moja baada ya nyingine kwa vitu vilivyopo nyumbani.

Ya kwanza: maji huchemka kwa nyuzi 100.

Kipimajoto nilinunua mjini kwenye duka la vifaa vya maabara, kile cha kimiminika chekundu, kinachosoma hadi 110. Nikabandika sufuria kwenye gesi. Uzi mwekundu ulipanda mbio hadi 80, ukapunguza mwendo. Viputo vikaanza kutoka chini na kufia njiani kabla ya kufika juu, kisha maji yote yakatokota. Uzi ukasimama 96. Nikaongeza moto, maji yakaruka hadi nje ya sufuria, uzi palepale. Nikakinyanyua kipimajoto kisiguse kitako cha sufuria. 96.

Kipimajoto ni kizima. Uso wa ziwa letu, Victoria, uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na jiji limepanda juu ya mawe kuanzia hapo. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ni pungufu kuliko iliyo juu ya mtu wa Dar es Salaam, kwa hiyo presha ya hewa huku ni kama kilopaskali 88, wakati ya usawa wa bahari ni 101.3. Maji huchemka pale presha ya mvuke wake inapolingana na presha ya hewa inayoyakandamiza. Huku yanakandamizwa kidogo, basi mvuke unashinda mapema. Shangazi yangu wa Tanga kila akija hulalamika kwamba maharage ya Mwanza hayaivi. Sasa ana sababu ya kisayansi, ingawa mimi nadhani mara nyingine ni maharage yenyewe yamekaa sana dukani.

Kwa presha hiyohiyo nikaigeukia 22.4. Tulikuwa tunaiandika kila mahali: moli moja ya gesi, yaani fungu la chembe 6.022 × 10²³, ni lita 22.4. Lakini hiyo ni kwa nyuzi 0 na atmosfia 1, na Mwanza haijawahi kuwa na nyuzi 0. Hata lita 24 ya joto la chumba inachukulia kwamba chumba kiko pwani. Nikaweka namba zetu kwenye kanuni ya gesi, PV = nRT (presha mara ujazo ni sawa na moli mara R mara joto): R ni 8.314, joto ni kelvini 298, presha ni kilopaskali 88. Zidisha, gawanya, unapata lita 28 na ushee. Moli moja ya hewa ya Kirumba haienei kwenye dumu la lita 20 hata ukilijaza pomoni. Sijui kwa nini hili halisemwi darasani siku ya kwanza, mimi lingeniamsha.

Bado Machi

Mama ana imani kwamba chumvi ikitiwa mapema maji yanapata moto zaidi na mboga inaiva upesi. Hili limo kwenye topiki ya miyeyusho, kwenye sifa zinazotegemea wingi wa chembe na si aina yake. Kwa kilo moja ya maji, kila moli ya chembe zilizoyeyuka hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 0.52 hivi. Chumvi ya mezani ina gramu 58.5 kwa moli, na kila fungu moja huachana kuwa ioni mbili, yaani chembe zenye chaji. Tuseme mchuzi una gramu 10 za chumvi kwa lita: hiyo ni moli 0.17, mara mbili ni 0.34, mara 0.52 inakuja chini ya nyuzi 0.2. Kipimajoto changu hata hakioni.

Nikamwambia mama. Akajibu, "Kwa hiyo chumvi niache kutia?" Nikasema hapana, ladha haimo kwenye hesabu.

Chumvi ya Mwaloni ndiyo yenye mambo. Sangara anapasuliwa, anapakwa chumvi ya mawe, anapangwa, na baada ya muda chini ya fungu panatiririka maji ambayo hakuna mtu aliyeyamwaga. Fomu foo ningeandika "osmosisi", yaani maji kuvutwa kwenda penye chumvi nyingi, nikachukua maksi zangu. Sasa natakiwa kukokotoa. Fomula ya presha ya osmosisi ina sura ileile ya PV = nRT, na aliyeiona hivyo ni Mholanzi van 't Hoff, mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Nobel ya kemia, mwaka 1901. Nikajaribu kwa dripu ya chumvi ya hospitali, ambayo ina gramu 9 kwa lita. Moli 0.154, ioni mara mbili 0.308, joto la mwili kelvini 310: jibu ni kama kilopaskali 794. Mara tisa ya presha ya hewa inayotuzunguka hapa, kwa chumvi ambayo ukiionja unasema imepoa. Ndiyo maana dripu inapimwa kwa uangalifu hivyo. Ikiwa nyepesi chembe za damu zinavimba, ikiwa nzito zinasinyaa.

Kwa samaki wa chumvi fomula hiyo siwezi kuitumia. Maji yaliyoshiba chumvi yana gramu 36 hivi kwa kila gramu 100 za maji. Humo ioni zimebanana, zinavutana na kusukumana, wakati fomula inadai kila moja iishi kana kwamba iko peke yake. Nimeanza kuweka safu mpya kwenye daftari, karibu na kila fomula: "inaishia wapi". Kwa hii nimeandika: miyeyusho hafifu tu.

Aprili

Mvua za masika. Dagaa hawakauki, mama hana raha, mimi nina muda.

Nimetengeneza indiketa ya rozela, kitu cha kuonyesha asidi au besi kwa kubadili rangi. Ile rozela kavu ya juisi, unaroweka kwenye maji ya moto, unachuja. Nimeigawa kwenye glasi za chai juu ya karatasi nyeupe. Tone la ndimu: nyekundu inayowaka. Maji ya magadi, yale ya kulainishia maharage: rangi inapita zambarau, inakuwa buluu kidogo, kisha inatua kwenye kijani kichafu kinachokaribia weusi. Ukirudisha ndimu juu yake povu linapanda, hiyo ni kabonidioksaidi ikitoka kwenye kabonati, na wekundu unarudi. Mdogo wangu aliicheza hii kwenda na kurudi hadi ndimu zikaisha.

Kilichonivutia ni huko kurudi. Indiketa ya kawaida ni asidi dhaifu yenye sura mbili, moja ikiwa na hidrojeni yake na nyingine ikiwa imeiachia, na kila sura ina rangi yake. Ukiongeza asidi unausukuma msawazo upande mmoja, ukiiondoa unarudi upande wa pili. Kanuni ya Le Chatelier, kwamba msawazo ukisumbuliwa huhama kupunguza usumbufu huo, niliijua kwa sentensi ndefu ya kukariri. Hapa iko kwenye glasi.

Halafu nikajaribu titresheni, yaani kuongeza kimiminika kimoja kwenye kingine kidogokidogo hadi vimalizane. Bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, ndilo bureti. Siki kwenye glasi pamoja na rozela, maji ya magadi kwenye bomba, tone kwa tone. Rangi haikuruka. Ilififia, ikafifia tena, ikawa ya kati, na sikuweza kusema ni tone lipi lililomaliza kazi. Jibu lilikuwa kwenye desa la kaka, kwenye grafu za pH, kipimo cha asidi na besi ambacho 7 ndiyo katikati. Asidi dhaifu ikikutana na besi dhaifu hakuna mahali ambapo pH inapanda wima, kwa hiyo hakuna tone moja la uamuzi. Rozela nayo ina rangi kadhaa njiani, ndiyo mbaya zaidi. Indiketa za maabara ni mbili: MO (methyl orange) hubadilika pH ikiwa kati ya 3.1 na 4.4, POP (phenolphthalein) kuanzia kama 8.3 hadi 10. Siki na sodiamu haidroksaidi zinamalizana juu ya 7, basi ni POP. Asidi ya haidrokloriki na kabonati zinamalizana chini ya 7, basi ni MO. Kwenye prakto ya fomu foo chupa ya indiketa ilikuwa inakusubiri mezani, hukuulizwa kwa nini ni ile. Sodiamu haidroksaidi sijaigusa nyumbani na sitaigusa. Inaunguza macho, na mdogo wangu anafungua kila chupa.

Mei

Nimepata mizani! Ni ile ndogo ya kidijitali ya wanunuzi wa dhahabu, inasoma hadi gramu 0.01. Katika mji huu haikuwa vigumu kuipata. Aliyeniuzia aliniuliza kama nimeanza biashara ya mawe, nikamjibu ni ya shule, hakuniamini.

Swali la kwanza lilikuja lenyewe: gramu moja ya dhahabu ina atomu ngapi? Moja gawanya kwa 197, zidisha kwa 6.022 × 10²³. Inatoka kama 3.06 × 10²¹. Namba hiyo ya Avogadro tangu 2019 haipimwi tena, imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, na moli inafafanuliwa kwa hiyo. Zamani moli ilikuwa imefungwa kwenye gramu 12 za kaboni-12. Kaka hakujua kwamba imebadilika, na kwa hilo nilitamba siku nzima.

Kazi kubwa ya mizani ni nishati. Nilikata kopo la soda, nikatia maji gramu 150, nikalining'iniza juu ya mshumaa uliopimwa kabla. Maji yalipanda kutoka 26 hadi 56, mshumaa ukapungua gramu 1.1. Hesabu ni 150 × 4.18 × 30, yaani kilojuli 18.8, kwa gramu moja ni kama 17. Nta ya mshumaa inajulikana kutoa zaidi ya kilojuli 40 kwa gramu. Zaidi ya nusu imepotea. Nyingine ilipasha hewa ya jiko, nyingine kopo lenyewe, na nyingine haikutoka kabisa: kitako cha kopo kilikuwa cheusi tii, na masizi ni kaboni ambayo haijaungua.

Hapo ndipo sheria ya Hess ikaniingia, kwamba jumla ya nishati ni ileile kwa njia yoyote utakayopitia. Mtu anaweza kuijua nishati ya kuungua bila kuwasha kitu. Propani, iliyomo kwenye mtungi wa gesi pamoja na butani: chukua nishati za kuundwa kwa kila kitu, kabonidioksaidi tatu kwa −393.5, maji manne kwa −285.8, ondoa propani yenyewe −103.8. Inatoka karibu −2,220 kilojuli kwa moli, ambayo ni kama kilojuli 50 kwa gramu. Kaboni tupu inatoa 32.8 kwa gramu, na mkaa si kaboni tupu. Mtungi mdogo wa kilo 6 una kama megajuli 300.

"Kwa hiyo gesi ni nafuu kuliko mkaa?" Mama aliuliza.

Nikamwambia Hess hakuweka bei.

Elektroni na obitali, yaani vyumba vya elektroni kama 3d na 4s, nimezipitia bila shida kubwa. Kromi na shaba zinavunja utaratibu wa kujaza, moja inaishia 3d⁵ 4s¹ na nyingine 3d¹⁰ 4s¹, basi. Oganiki, kemia ya kaboni, nimefika kwenye majina tu: tafuta mnyororo mrefu, hesabu kutoka upande ulio karibu na tawi. Ni kazi ya mikono, nachora nikiwa nasubiri wateja. Benzini nimeiacha makusudi hadi nipate mwalimu.

Juni

Tunasubiri orodha ya TAMISEMI kujua nani kapangiwa wapi. Sanduku limeshanunuliwa, mizani na kipimajoto vinakwenda nami, mabomba ya sindano yanabaki kwa mdogo wangu.

Wiki hii ni Kc na Kp, namba za msawazo, moja kwa viwango vya wingi na nyingine kwa presha. Swali lililonikalia ni la N₂O₄ inayogawanyika kuwa NO₂ mbili. Sehemu ya (a) na (b) nimemaliza: Kp ni 4α²P gawanya kwa 1 − α², ambapo P ni presha na α ni sehemu iliyogawanyika; presha ikipanda α inashuka, lakini Kp haitikisiki. Kwenye safu ya "inaishia wapi" nimeandika joto, kwa sababu joto likibadilika Kp nayo inahama. Sehemu ya (c) inataka Kp kwenye joto jingine, nao wametoa badiliko la nishati peke yake bila α. Kuna fomula yenye logi ambayo desa limeikata nusu kwenye fotokopi. Kaka anarudi kutoka Sengerema Jumamosi, tutaikamilisha.