Usiku wa kwanza wa mtoto mwenye utapiamlo mkali wodini

Mtoto wa kilo 6 mwenye utapiamlo mkali akilazwa, ninachokiogopa zaidi ni alfajiri ya kwanza. Akiba ya sukari kwenye ini imekwisha na misuli imeliwa, hivyo akipitisha saa chache bila maziwa, sukari inashuka na mwili unapoa. Halii wala hatetemeki. Analegea, analala macho nusu wazi, na ndugu wanadhani amepata nafuu.

Kwa hiyo naanza na sukari. Ikiwa chini ya 3 mmol/L, au kipimo hakipo, nampa mililita 50 za glukosi ya asilimia 10 kwa mdomo au kwa mpira wa puani. Nikiwa na ya asilimia 50 tu, navuta mililita 10 na kuongeza 40 za maji safi. Kisha F-75, maziwa ya tiba ya kuanzia, kila baada ya saa 2, mililita 65 kwa mlo. Akiwa amevimba hadi uso nampa 50, maana sehemu ya uzito ule ni maji. Milo ya saa nane na saa kumi usiku ndiyo inayorukwa. Mama amechoka mno, namwamsha kwa upole.

Joto la kwapani likishuka chini ya nyuzi 35: kofia, ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, blanketi juu yao wote wawili. Kuoga kunasubiri.

Ndugu huomba dripu. Moyo huu umesinyaa na figo hazimudu chumvi. Dripu ya haraka hujaza maji mapafuni, kwa hiyo naiachia tu mtoto aliye kwenye mshtuko, yaani ambaye damu haizunguki vya kutosha mwilini. Akiharisha na kuishiwa maji natumia ReSoMal, maji ya chumvi na sukari ya watoto wenye utapiamlo, mililita 30 kila nusu saa kwa saa 2, huku nikihesabu mapigo ya moyo na pumzi. Mapigo yakipanda kwa 25 na pumzi kwa 5 kwa dakika, nasimamisha. Dawa ya kukojoza kwa ajili ya uvimbe siigusi: inamwaga potasiamu ile ile anayoikosa.

Ampisilini na jentamaisini, dawa za kuua bakteria, naanza bila kungoja homa, kwa sababu mwili huu mara nyingi hauna nguvu ya kupandisha homa.

Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, nahamia F-100, maziwa ya tiba yenye nguvu zaidi, kwa kiasi kile kile siku 2, ndipo naongeza mililita 10 kila mlo. Ukimjaza ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu hukimbilia ndani ya seli na moyo unaweza kusimama. Dawa ya madini ya chuma hungoja mpaka uzito uanze kupanda. Anayekula siagi ya karanga ya tiba haihitaji, chuma kimo humo.