Kumsahihisha Mungu?

Jana kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia mtu alisema kuhariri jeni, yaani kubadilisha maelekezo ya urithi ndani ya seli, ni kumsahihisha Mungu. Akasoma Zaburi 139, "uliniunga tumboni mwa mama yangu", akafunga Biblia kama vile kesi imekwisha.

Nilinyamaza kwanza. Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Usiku maumivu yakimpanda huuma kona ya mto ili asituamshe, nasi tuko macho tunamsikia.

Mwishowe nikauliza: na insulini, dawa ya kisukari, je? Tangu miaka ya 1980 inatengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Msomaji wetu wa Zaburi hujidunga kila siku. Kimya.

Hata Vatikani, katika hati yake ya 2008, Dignitas Personae, haikukataa kila kitu. Kurekebisha jeni katika seli za mgonjwa ili apone, kimsingi inakubali. Kugusa mbegu za uzazi, mabadiliko yakarithiwa na vizazi, hapo kwa sasa inakataa. Nami hapo ninasita. Mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri wakiwa viinitete. Wale watoto hawakuwa wagonjwa! Alikuwa anamtibu nani?

Ila mwaka 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu: seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, huhaririwa, hurudishwa mwilini mwake. Nilimsomea mdogo wangu habari ile, nikajiandaa kwa mjadala wa teolojia.

Akauliza tu, "Itanifikia lini?"