Kanga zilizofukiwa mtoni

Jumamosi nilipita Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, kwa wasiowahi kufika ni eneo lina makontena ya meli yaliyogeuzwa studio za wasanii, wapo tangu 2008. Huwa naenda kuangalia michoro tu nasepa, ila safari hii nilikwama kontena moja karibu saa nzima.

Kuna dada yuko residensi, yaani amepewa studio na muda wa kufanya kazi yake, na wala hajashika brashi. Anachukua kanga kuukuu anaenda kuzifukia kwenye tope la mto Mlalakuwa, wiki mbili hivi, halafu anafukua, anaanika, basi. Moja alinipa nishike, imekakamaa kama ngozi ya ng'ombe, ile nyekundu imekuwa rangi ya kutu, kwenye pindo kuna kamba ya plastiki imejisokota na yale maneno ya kanga zimebaki herufi tatu tu zinasomeka.

Nikamuuliza dada sasa hii nani atanunua? Akasema bado hajafika huko, kwanza anataka aone mto unaandika nini. Jamani! Nilinyamaza. Na ndo maana residensi naziunga mkono, msanii apate muda wa kujaribu kabla hatujaanza kumdai kitu cha kutundika sebuleni.

Huo mto nimeuvuka tangu niko shule nimeziba pua. Jumatatu kwenye daladala nikageuka dirishani, nikauangalia mpaka tukaupita.