Nilimpitisha mtu na kazi ilifanywa na upepo

Jumamosi tulikuwa kwa uwanja wa shule hapa Nyeri, watu wanne na koni mbili za mazoezi ya mpira, tunatupa mishipi kwa nyasi, na watoto wamejipanga kwa fensi wanaulizana hawa watu wazima wanavua nini. Siwalaumu. Kwa ncha ya mshipi hakuna hata ndoano, ni kipande cha uzi wa sufi nilichokata kwa sweta ya mama watoto (bado hajajua).

Wawili wetu tunajiandaa kwa mtihani wa ualimu wa kutupa mshipi wa flai (chambo bandia chepesi kama mdudu), ule wa chama cha wavuvi cha Fly Fishers International, programu ilianza 1992 wakati bado wanaitwa Federation of Fly Fishers. Umbali haunisumbui. Kinachoninyima usingizi ni kasti ya kona (kasti ni huko kutupa mshipi).

Kona ni hivi, mshipi unatoka vizuri halafu ile sehemu ya mwisho na lida (uzi mwembamba unaoshika flai) zinapinda, flai inaanguka kushoto ama kulia nyuma ya kitu. Uwanjani hicho kitu ni koni. Kwa mto Ragati ni kichaka kimeinama juu ya maji na trauti amekaa hapo chini anakula polepole, ukitupa moja kwa moja mshipi unampitia juu ya kichwa, kwisha, rudi nyumbani.

Kama unatumia mkono wa kulia, kona ya kushoto inatoka hivi: fimbo unailaza kando, kitanzi (ule mkunjo wa mshipi ukiwa hewani) kinasafiri kimelala, unaongeza nguvu kuliko inayohitajika halafu unaisimamisha ghafla, kitanzi kikimaliza kufunguka nguvu bado iko kwa hivyo flai inachapwa inapita kwenda kushoto. Ya kulia ndio kasheshe. Unaweza kulaza fimbo vile vile lakini utoe nguvu kidogo, kitanzi kipana, mshipi uanguke kabla flai haijafika mbele, ibaki imelala upande wa kulia. Ama ufanye ile ya nguvu lakini kwa bekihendi, fimbo ikitokea upande wa kushoto. Mimi napenda bekihendi, kwa sababu kasti ya nguvu kidogo upepo ukiivuta tu imeharibika.

Sasa mzee wetu, huyu alishafanya huo mtihani miaka mingi, akasema leo mtatahiniana wenyewe. Mwenzangu akasimama, koni iko kama mita kumi, akatangaza kona ya kushoto, akatupa, sufi ikaanguka nyuma ya koni safi kabisa. Nikaandika amepita. Mzee akaniuliza, "Kijana, amefanya nini?" Nikamwambia si amepinda mshipi, flai si hiyo hapo. "Nimekuuliza amefanya nini, sijauliza imeanguka wapi."

Maze nikakosa jibu. Nilikuwa nimesimama kando ya koni macho kwa sufi kama mshika kibendera anangoja mpira utoke, kitanzi sikukiona hata kidogo. Mzee alikuwa nyuma ya bega la mtupaji na aliona kila kitu: fimbo ilikuwa wima, kasti ya kawaida tu, upepo unatoka kulia ndio ulisukuma lida. Akamwambia arudie kulia, upepo ule ule. Mara tano, zote zimenyooka kama rula.

Baadaye tukabishana kuhusu mendi, na hapa naona watahiniwa wengi watalia. Mtu anatupa, anasimamisha fimbo, halafu anaipeleka pembeni mshipi ukiwa bado hewani, mshipi unaanguka umepinda karibu na yeye na ncha imenyooka. Mtoni hiyo ni kazi nzuri sana, naitumia kila siku kupunguza mshipi kuburutwa na mkondo. Lakini ukiombwa kona hujatoa kona. Mendi ni kile unachofanya na fimbo baada ya kuisimamisha, kona inatakiwa iwe ndani ya kitanzi chenyewe. Mwenzangu akasema samaki hajali, ni kweli, lakini mwanafunzi wako anajali, kesho atakuuliza mbona yake haipindi utamwambia nini?

Kwa hivyo mimi nikiwa mtahini sasa nataka mtu aseme kabla ya kutupa anafanya gani, kwa nguvu ama bila, halafu nione hiyo hiyo. Akikosa koni kwa nusu mita lakini kitanzi kimefanya alichosema, namhesabia kuliko yule wa bahati. Mzee anasema hapo mimi ni mpole mno, mtihani ni mtihani, koni ni koni. Tumeachia hapo.

Zamu yangu? Kushoto nilipata nne kwa tano. Kulia kwa bekihendi tatu. Ile ya nguvu kidogo nilipata moja, na mzee akaangalia miti kwanza kama inatikisika kabla hajaandika.