Gitaa la dola 140 na mita ya mshonaji

Mwezi wa saba hapa Lubumbashi ni baridi ya asubuhi, vumbi jekundu na midomo iliyopasuka. Mwaka jana, Jumapili moja ya mwezi huo, tulikuwa katikati ya sebene ya sadaka, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanakimbizana na watu wanacheza. Watu wamesimama, wamama wa kwaya wanapepea vitambaa, nami nimepanda juu kabisa ya shingo, freti (vile vyuma vilivyokata shingo) ya 12 kwenda ya 15. Nikateremsha mkono haraka kurudi chini, nikahisi kama nimepitisha kidole kwenye mdomo wa kopo la nyanya. Sebene niliimaliza. Aliyeona ni mpiga besi. "Yaya (dada mkubwa, kwetu), gitaa yako inatoka damu."

Kwa wasionijua: ninatengeneza simu kwenye meza moja karibu na soko la Kenya (hapa kwetu Kenya ni komini, hatuzungumzii Nairobi), na Jumapili ninapiga gitaa la solo kanisani, Katuba. Wananiita Mama Solo, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka, na wote ninawaitikia. Karibu kila wiki anakuja kijana mezani bila simu yoyote ya kutengeneza. Anazungukazunguka, anashika chaja, mwisho anatoa lililomleta: "Mama Solo, ninunue gitaa ya bei ndogo, ao ningojee ya bei ya kati?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja huku nimeshika chuma cha kulehemu, kwa hiyo naandika.

Lile gitaa la damu nililinunua mjini kwa dola 140, pamoja na mfuko, mkanda, na ampli ndogo inayolingana na redio ya mlinzi. Lina umbo la Stratocaster, lile ambalo Fender walilitoa mwaka 1954 na dunia nzima inaliiga mpaka leo. Jina la kichwani sitalitaja, na hata nikilitaja halitakusaidia, maana sijaliona kwenye gitaa lingine lolote. Lilikuwa jekundu, linang'aa. Nililipenda kama unavyopenda viatu kabla hujavitembelea.

Damu ilitoka wapi? Ubao wa freti ni mti, freti ni chuma. Kiangazi chetu kinaanza mwezi wa tano, na mpaka mvua zirudi sawasawa ni mwezi wa kumi hivi au wa kumi na moja. Muda wote huo mti unakauka na kusinyaa, chuma kinabaki na urefu wake uleule, na ncha za freti zinachomoza pembeni ya shingo kama meno ya msumeno. Gitaa la bei yoyote linaweza kukufanyia hivyo. Ila kwenye gitaa zuri mti ulikaushwa vizuri kabla ya kukatwa, na kuna mtu alikaa na tupa akaziviringisha ncha zile moja baada ya nyingine. Gitaa lenye freti 22 lina ncha 44. Shingo yenyewe siku hizi inachongwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, kwa hiyo hata ya bei ndogo mara nyingi imenyooka. Lakini tupa ni mkono wa mtu na saa zake, na hapo ndipo anayetaka kukuuzia kwa dola 140 anapobana pesa.

Ncha nilizipiga tupa mwenyewe, jioni mbili, kwenye meza yangu ya simu. Unabandika skochi juu ya mti usije ukaukwaruza, unalaza tupa ndogo kidogo, unasukuma kuelekea upande mmoja tu, halafu unapitisha ukucha kusikia kama bado inakamata. Jioni ya pili ukucha ulikuwa unateleza. Nikafikiri nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza. Freti zilipoacha kunikata ndipo nikaanza kusikia vizuri, na nilichosikia hakikunifurahisha. Nilikuwa naakorde (napatanisha sauti) nyuzi zote wazi, ziko sawa kabisa. Nikipanda juu, uzi wa tatu unalia juu kuliko noti inayotakiwa, wa pili naye hivyohivyo. Daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini, kwenye umbo hili lina skrubu moja kwa kila uzi: ukiikaza, kile kipande kinachobeba uzi kinarudi nyuma na noti inashuka. Nilizikaza zote mpaka zikagota. Bado.

Nikaenda kwa jirani yangu mshonaji, nikaazima mita yake ya kitambaa. Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye gitaa la umbo hili uzi una milimita 648, kutoka kile kifupa cha kichwani hadi darajani. Freti ya 12 ni nusu ya njia: 324. Kwa hiyo kutoka freti ya 12 hadi pale uzi unapolala darajani lazima upate 324 nyingine na kidogo zaidi, kwa sababu uzi ukibonyezwa unavutika. Langu lilikuwa na 324 mbele. Nyuma, skrubu zikiwa zimegota, 321. Yaani aliyetoboa matundu ya daraja alitoboa pasipo pake, na hakuna skrubu duniani ya kurekebisha hilo. Ingebidi kuziba matundu kwa mti na gundi, kisha kutoboa upya. Sikuthubutu. Nilikaa pale na mita shingoni kama mshonaji, nikicheka peke yangu.

Milimita tatu! Mtu wa akodi za chini, freti ya kwanza mpaka ya nne, angeweza kuishi nalo. Sisi je? Sebene inakaa juu ya freti ya 12. Inapigwa kwa sauti safi, mikro (kile kinachonasa sauti ya nyuzi) ya karibu na daraja, magitaa mawili matatu yanakimbizana, na kadiri unavyopanda ndivyo uongo wa noti unavyokua. Ndiyo maana ushauri wa mitandaoni, wa watu wa roki na bluzi, unatusaidia nusu tu. Wao wanabishana kuhusu mikro na aina ya mti. Mimi nakwambia toa mita.

Wazee wa kanisa hupenda kunitupia Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wetu wa zamani: "Yule hakuwa hata na umeme." Kweli kabisa. Hugh Tracey, yule mkusanya muziki, alipomrekodi Jadotville mwaka 1952, mji ambao leo tunauita Likasi, lilikuwa gitaa kavu na vidole. Lakini sikilizeni tena zile rekodi, wapapa. Gitaa lile linasema kweli.

Mambo ya umeme nitayapitisha haraka, maana ndiyo yanayowatisha vijana na ndiyo rahisi. Nilifungua lile jekundu, nikakuta potensiometa (zile za kuongeza na kupunguza sauti) ndogo kama vifungo vya shati, jeki, pale unapochomeka waya wa ampli, inayocheza kama jino la mtoto, na waya wa daraja umeachia. Huo waya unautambua bila kufungua kitu: gitaa likinguruma, gusa nyuzi. Mngurumo ukipungua, waya uko mahali pake. Ukibaki vilevile, umeachia. Dakika kumi na chuma cha kulehemu, kwisha. Kulifanya nyuzi zisipoteze sauti zake nako kulikuwa karibu bure. Nilikaza springi za nyuma mpaka daraja likalala juu ya mwili (mkono wa kutikisa sauti hatuutumii), nikasugua penseli kwenye mifereji ya kifupa cha kichwani, na nyuzi zikaacha kukwama. Watu wanalaumu mekaniki za kichwani, zile za kukaza nyuzi, kumbe mara nyingi uzi umekwama kwenye mfereji.

Nikapiga hesabu: 140 za kununua, 9 za nyuzi, 6 za potensiometa na jeki, 4 za tupa. Jumla 159, na jioni zangu sizihesabu. Lilikuwa gitaa zuri la milimita 321.

Basi nikafanya jaribio. Shemeji yangu ana Fender Stratocaster ya Meksiko, kutoka kiwanda cha Ensenada. Iliingia kwenye sanduku la mtu kutoka Johannesburg, na mpaka inafika nyumbani ilikuwa imemla dola 850. Mpiga akompa (gitaa la kusindikiza) mmoja alikuwa anauza Yamaha Pacifica 112V kwa 330. Nikayakusanya yote matatu kanisani siku ya repetisio (mazoezi), ampli moja, jeki moja, nyuzi mpya za unene uleule. Shefu wetu wa orkestra nikamkalisha kwenye benchi akitazama ukuta. Ni mtu mkali, masikio yake hayana huruma.

Nilipopiga chini, freti ya kwanza hadi ya tano, alisikia lile jekundu akasema ndiyo Fender. Nililazimika kutoka nje nikacheke. Nilipopanda juu hakuhitaji hata sekunde tatu: "Hii ya kwanza inasema uongo. Toa." Yakabaki mawili. Nilibadilisha mara sita, akapata tatu, akakosa tatu, mwisho akakasirika akasema tufanye kazi.

Mikono yangu, lakini, haikubahatisha. Shingo ya Fender ile imeviringishwa pembeni, unaifunga kiganja kama mkono wa mtu unayemjua. Kila kitu kinageuka polepole na kwa uzito. Ukiwa na gitaa lile unapiga nusu saa zaidi kabla hujachoka, na hilo si jambo dogo. Sitasema dola 850 ni za jina tu. Ningekuwa naishi kwa harusi na matanga, kila wiki usiku tatu, ningekopa. Ninaishi kwa vioo vya simu.

Tena kuna kanisa lenyewe. Taa zetu ni zile ndefu za neo, umeme unakatika, tunawasha jenereta, na mikro za koili moja (bunda moja la waya uliozungushwa) zinaanza kuimba kabla ya kwaya. Stratocaster ya kawaida ina koili moja mahali pote patatu. Pacifica 112V ina koili mbili karibu na daraja, ambazo zinaufuta ule mngurumo, na nikitaka sauti nyembamba ya sebene navuta kitufe cha toni juu, koili moja inazimwa. Kitufe kimoja cha kuvuta, na kwangu kimeshinda jina lolote lililoandikwa kichwani. Mdogo wake, Pacifica 012, ana mti wa bei nafuu zaidi na hana kitufe hicho, kwa hiyo soma namba vizuri kabla ya kutoa pesa. Kuna na mkubwa wake, 612, mwenye mikro za Seymour Duncan na mekaniki zinazojifunga. Huyo nimemwangalia kwenye simu tu, usiku, kama mtu anayesoma menyu ya hoteli.

Wengine watasema la 330 bado ni la bei ndogo, kati inaanza kwenye mia tano au sita. Huko Ulaya na Marekani labda. Hapa, dola 330 ni miezi, na mimi nilipanda kutoka 140. Ile hatua niliisikia kwa masikio na kwa ngozi ya kidole. Hatua ya kutoka 330 hadi 850 niliisikia kiganjani tu.

Siku ya kununua nilikwenda na mita. Yule ndugu wa akompa aliniona naitoa kwenye mkoba akauliza kama nataka kumshonea suruali. Nikapima mbele 324, nyuma 324 na ushee, na skrubu zilikuwa bado na nafasi ya kurudi. Nikapitisha ukucha shingo nzima, pande zote mbili: freti mbili zilikamata kidogo, nikamwonyesha. Nikagusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, ikatoka ile sauti ya kengele, kisha nikaubonyeza palepale. Sauti ileile. Nyuzi zote sita.

"Kwa freti mbili hizo, 300."

"Mama Solo, unaniua. 320."

"315, na simu yako nakubadilishia kioo."

Akakubali, tukahesabu noti. Noti moja ya mia ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kama punje ya mchele. Akairudisha kwa vidole viwili: "Mama, hii iko na kidonda." Mtu ambaye gitaa lake nimelikagua hivyo, ningemwambia nini? Nikavuka barabara hadi kwa mbadilisha pesa, akanikata dola tano kwa kidonda kile, nikarudi. Kwa hiyo andika 320. Na kioo.

Mwezi wa saba mwaka huu umepita. Zile freti mbili zilichomoza kidogo, nikazipiga tupa kwa robo saa, na sijatoka damu tena.

Lile jekundu nimempa kijana wangu wa miaka kumi na mmoja. Nimebandika skochi nyeupe kwenye freti ya saba, nikamweleza: chini ya skochi linasema kweli, juu yake usipande. Juzi nilirudi kutoka sokoni nikamkuta uani, amepanda mpaka ya 15, amefumba macho, anaona raha kabisa.